Kabla hujanunua AC, madirisha yako unayafungua saa ngapi?

Mkuu, umeuliza ununue AC au uongeze feni ya pili, maana nyumba yako ya Ipuli haikaliki huu mwezi wa kumi na umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, unakata kabla mwezi haujaisha. Nami nimepanga hapahapa Tabora miaka sita, nikwambie yaliyonikuta.

Tulikuwa wapangaji wawili, nyumba moja imegawanywa katikati. Fundi mmoja, tofali za kuchoma, bati lilelile. Kwa jirani yangu, mama mmoja muuza vitenge, ukiingia usiku hutamani kutoka. Kwangu tanuri. Nikajua tu upande wake una kivuli. Wapi! Mwembe ulikuwa upande wangu.

Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, madirisha unafungua saa ngapi?" Nikamwambia: asubuhi, halafu nafunga magharibi mbu wasiingie. Akacheka sana. Kumbe mchana kutwa nilikuwa naingiza hewa ya moto, jioni naifungia ndani nilale nayo. Yeye saa tatu asubuhi anafunga na kushusha pazia, jua likizama anafungua kila kitu. Alikuwa amepiga wavu madirisha yote, basi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hata Oktoba, usiku nje kunapoa.

Fanya jaribio. Saa tatu usiku weka kiganja kwenye ukuta ule unaopigwa na jua la jioni. Wangu ulikuwa na uvuguvugu kama mgongo wa mtu mwenye homa. Bati hupoa upesi jua likizama, lakini tofali limekunywa joto mchana kutwa na usiku ndio linatema. Bila upepo wa kulitoa, unalala nalo. (Vibaka siwapuuzi. Mimi nafungua madirisha ya uani tu, yenye nondo.)

Feni haipozi chumba, inakausha jasho la mtu. Yangu ilikuwa inapepea makochi sebuleni huku mimi niko jikoni. Hata hivyo haili sana: wati 55 kwa saa kumi ni nusu uniti na kidogo. Nilichokuwa napoteza bure ni pasi ya shati moja kila asubuhi, inapashwa upya kila siku, na jagi la umeme lililojazwa pomoni kwa kikombe kimoja cha chai. Sasa napiga pasi Jumapili, nguo zote.

AC ndogo ina wati kama 900. Ikifanya kazi mfululizo saa nane za usiku, ni uniti 7 hivi. Kama uko kundi la matumizi madogo, uniti 75 za mwanzo wa mwezi ni shilingi 100 kila moja, ya 76 inaruka hadi 350. Hesabu mwenyewe siku ngapi utazivuka. Na ukizidi kuzivuka mwezi baada ya mwezi, unatolewa kwenye kundi hilo.

Kwa hiyo hela ya AC weka kando, ita fundi wa wavu. Feni ya pili nunua kama mnalala vyumba viwili.