Muulize tu, mwanangu

Mwanangu, meseji yako nimeisoma. Unasema maprofesa wenu huko Uturuki wanataka mumuulize mgonjwa yeye mwenyewe anaona ugonjwa wake umetoka wapi, na wewe unaogopa mgonjwa wa huku kwetu atakujibu "si wewe ndiye daktari?" Kweli atasema hivyo, hasa wazee. Muulize tu.

Hayo maswali Arthur Kleinman wa Harvard, daktari wa akili aliyesomea pia tamaduni za watu, na wenzake waliyaandika tangu 1978, lakini mimi nayaamini kwa sababu ya Gulu, kaskazini mwa Uganda. Ebola ya 2000 wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni, watu 425 waliugua, 224 wakafa, na Dokta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor tukampoteza mwezi wa Desemba, mpaka leo inaniuma. Watu walikuwa wanaficha wagonjwa wao, wanaogopa wodi kuliko ugonjwa wenyewe, maana ukifia huko unazikwa na watu waliovaa manguo yale ya kujikinga na ndugu hawaoni kitu, na unajua kwetu maziko ni nini. Sasa wataalamu walipokaa chini na wazee wa Kiacholi wakawauliza, wakakuta wazee wana sheria zao za tangu zamani za gemo, yaani ugonjwa unaoua wengi kwa mpigo: mgonjwa atengwe kwenye nyumba ya mbali, nje yasimikwe matete mawili marefu watu wajue, ahudumiwe na aliyeugua akapona, ngoma hakuna, kutembeleana hakuna. Si ndiyo karantini yenyewe hiyo! Wangeulizwa mapema zaidi…

Lakini kuuliza si kukubali kila kitu. Kuosha maiti kulieneza Ebola, hapo huwezi kusema mila ni mila, unakaa na familia mtafute namna nyingine ya kumuaga mtu wao.

Na namna ya kuuliza: salimia kwanza, kalamu weka chini, halafu sema "nyumbani wamesemaje? mmeshajaribu dawa gani?" Hapo hakuna atakayeona hujui kazi. Akitaja mganga usikunje uso, ukikunja tu imekwisha, miti shamba atakuficha na kumbe ndiyo inamharibu figo au inagombana na vidonge vyako.

Kuhusu yule bibi unayesema anakataa vidonge, mimi ningeanza na binti yake anayemletea chakula. Yeye ndiye anajua bibi anaogopa nini. Na Kituruki chako kikikwama tafuta nesi akusaidie, usimuache bibi akaitikia tu kwa kichwa.

Baba yako