Usiache wiki ya tatu, mwili ndo kwanza unajenga

Mimi nimeacha mazoezi mara tatu, na zote niliacha wiki ya tatu hivi. Unapanda kwenye mzani namba ileile, kwenye kioo tumbo lilelile, unasema aah basi, mazoezi yana wenyewe. Kumbe nilikuwa naangalia kusikohusika.

Iko hivi. Msuli unaendeshwa na ATP, yaani kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, na akiba yake ni ya sekunde chache tu, kwa hiyo seli inaitengeneza upya muda wote. Ukikimbia matumizi yanapanda ghafla, na kuna kimeng'enya kinaitwa AMPK ambacho kazi yake ni kama yule mtu wa nyumbani anayechungulia mtungi kila saa, akiona maji yanashuka anapiga kelele. Kelele hizo zinafika mpaka kwenye jeni, inatengenezwa protini inaitwa PGC-1 alfa, na hiyo ndo inaagiza mitokondria zaidi, yaani vile vinu vya nishati ndani ya seli.

Sasa sikiliza hapa, maana ndo nilipokuwa nakosea. Agizo la kutengeneza hiyo protini, yaani nakala ya jeni inayoitwa RNA, linapanda saa chache baada ya zoezi halafu ndani ya kama siku moja linashuka tena. Kinachobaki ni protini kidogo, na kesho kutwa ukirudia inaongezeka nyingine juu yake, inajilimbikiza hivyohivyo. Mimi nilikuwa nakimbia Jumapili masaa mawili mpaka natambaa halafu nakaa wiki nzima, mwili umesikia kelele mara moja ukarudi kulala. Bora nusu saa mara nne kwa wiki, kweli tena.

Na hii si habari ya jana, mwaka 1967 John Holloszy kule Marekani aliwakimbiza panya kwa wiki 12 akakuta uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni umekaribia mara mbili. Wiki 12 jamani, mimi nilikuwa nakata tamaa ya tatu!

Ukitaka dalili ya mapema pima mapigo ya moyo. Maji ya damu yanaongezeka ndani ya siku chache tu za mazoezi, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja, kwa hiyo kwa mwendo uleule unapiga taratibu. Mimi napanda ngazi zilezile ghorofa nne, nasimama juu, vidole viwili shingoni, nahesabu sekunde 15. Mwanzo nilipata 37, wiki ya tatu hiyohiyo niliyozoea kuacha nikapata 32, nikarudia kuhesabu nikidhani nimekosea.

Ukiruka siku mbili tatu usilipize kwa kujiua siku ya nne, endelea tu ulipoishia. Mzani wangu uko chini ya kitanda, sijautoa.