Maswali ya Wasomaji: Kikuza cha Darubini kwa Ndege wa Sabaki

SWALI: Shikamoo, Mhariri. Mimi ni kijana ninayewatembeza wageni kutazama ndege kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Darubini yangu ni ya 8x42, na mara nyingi heroe na shakwe hutua ng'ambo ya fungu la mchanga, wasionekane vizuri. Muuzaji mmoja amenionyesha kikuza kidogo kinachofungwa kwenye jicho moja la darubini na kuongeza ukuzaji maradufu. Je, nikinunue, na hutegwaje? – Msomaji, Malindi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nunua kwanza kiweko cha miguu mitatu cha kuwekea darubini, kisha ndipo ufikirie kikuza.

Nambari 8 maana yake darubini hukuza mara 8, na 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukigawanya 42 kwa 8 unapata upana wa duara la mwanga linaloingia jichoni, yaani milimita 5 na ushei. Ukifunga kikuza, ukuzaji unafika mara 16 na duara hilo linabaki milimita 2.6. Mchana wa jua kali hutaona upungufu, kwa kuwa mboni yenyewe huwa imejibana. Lakini alfajiri na magharibi, saa ambazo ndege wana shughuli nyingi, mboni hupanuka na picha itakuwa ya kiza. Tena upana wa eneo unaloliona hupungua kiasi cha nusu, na kila mtikisiko wa mkono hukuzwa pamoja na ndege. Wakati wa kusi, upepo unapovuma ufuoni, hakuna mkono unaoweza kutulia kwa ukuzaji wa mara 16, hata uwe wa nahodha.

Kutega, anza na darubini peke yake. Ikunje au ikunjue hadi macho yote mawili yaone duara moja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, utazame kitu kilichotulia kwa jicho la kushoto huku ukizungusha gurudumu la kati mpaka kitu kiwe wazi. Halafu ziba ya kushoto, na safari hii uzungushe pete ya jicho la kulia tu, maana katika darubini nyingi ndiko iliko. Tia alama mahali pete iliposimama. Wengi huipuuza hatua hii, kisha huilaumu lenzi kwa maumivu ya kichwa yanayotokana na macho mawili kuvutana. Baada ya hapo funga kikuza upande wa jicho lako lenye nguvu, fumba jingine, na usahihishe kwa gurudumu la kati bila kuigusa pete.

Adhuhuri kivue. Mvuke wa joto unaocheza juu ya mchanga hukuzwa nao, na ndege atageuka kivuli kinachotetemeka. Ukirudi nyumbani, puliza mchanga kwanza, kisha futa chumvi kwa kitambaa laini chenye maji baridi kidogo. Kufuta lenzi kavu ni kuikwaruza.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji mwende karibu na mnara wa Vasco da Gama, uegemeze darubini ukutani, na usome jina la mashua iliyotia nanga mbali, kwanza bila kikuza, kisha nacho. Herufi zikiwa kubwa zaidi lakini hazisomeki zaidi, mrudishie kifaa chake.