Kemo imeisha ila kichwa bado hakijatulia

Wiki hii meseji nyingi ni za usahaulifu baada ya kemo, yaani zile dawa kali za kutibu saratani, basi nijibu hizo.

"Dada shikamoo. Nimemaliza dozi sita za kemo ya titi, sa hivi nasahau mpaka majina ya wanafunzi wangu. Nina miaka 41, watu wanasema nazeeka."

Marahaba mdogo wangu. Huzeeki wala huchizi, hii hali ipo na madaktari wanaijua. Mi baada ya kemo yangu nlisimama kwa wakala wa M-Pesa, foleni nyuma yangu, kidole kiko kwenye batani na namba ya siri haiji, na namba yenyewe ni mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza! Nlirudi nyumbani nalia njia nzima. Sio kemo peke yake, kuna damu kupungua, usingizi kukosekana, mawazo, hedhi kukatika ghafla, hata vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni vinaweza kuchangia, ndo maana mwambie daktari akupime, maana kama ni damu au usingizi vinatibika. Vidonge usiache mwenyewe tafadhali.

"Itaisha lini?"

Wengi wanapata nafuu ndani ya mwaka mmoja baada ya dozi ya mwisho, wengine inakaa miaka. Mi ilienda mwaka na nusu, kidogo kidogo.

"Kuna dawa?"

Kidonge cha kuiondoa bado hakuna, na anayekuuzia majani ya kusafisha ubongo usimpe hela yako. Tembea kila siku hata nusu saa, lala mapema, andika kila kitu kwenye daftari moja tu (ukiwa na vikaratasi vitano utasahau umeviweka wapi), na ukibandika maharage kaa nayo.

"Mke wangu nikimuuliza kitu ananyamaza, naona kama ananidharau."

Hapana kaka yangu, anatafuta neno, analiona kabisa ila halifiki mdomoni. Zima tivii, muulize jambo moja, halafu subiri. Usimmalizie sentensi, na ile "si nshakwambia mara tatu" mbele ya watoto acha kabisa, inaumiza kuliko sindano. Kliniki nenda nae uandike anachosema daktari, maana yeye akifika getini nusu imeshapotea. Ila akichanganyikiwa ghafla, au ana homa, kichwa kinamuuma sana na anatapika, au upande mmoja wa mwili umelegea, hiyo sio hii ninayoisema hapa, muwahishe hospitali saa hiyohiyo hata kama ni usiku.