Mwalimu wa Mafinga, futa hiyo linki kwanza

Ifute sasa hivi, mambo ya faida na hasara tutaongea baadaye. Umeuliza kama kundi la WhatsApp litakusaidia kufundisha Baiolojia kidato cha tatu, kama Telegram ni bora zaidi, na namna ya kuzuia makelele usiku. Halafu chini umebandika linki ya kujiunga, kila mpita njia aione! Tumbo limenikata.

Mimi nafundisha Hisabati Mbeya. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilifungua kundi kama hilo lako. Nisiwe mnafiki, lilisaidia. Kuna binti alikuwa Tukuyu kwa bibi yake, alinitumia picha ya daftari lililolazwa juu ya gunia la viazi, mlinganyo umemkwama mstari wa tatu. Nikamjibu kwa sauti, dakika mbili tu, akaelewa. Faida ndiyo hiyo.

Sasa sikia upuuzi wangu. Semina moja kabla ya hapo, mwezeshaji mwenye laptop nyembamba kuliko andalio langu la somo alituambia "linki isambae kila mahali, mwanafunzi asiachwe nyuma." Tukapiga makofi, tukanywa soda. Kwa hiyo linki nikaibandika Facebook. Watoto wakaingia kwa simu za mama, za shangazi, hata ya mwenye duka. Sikujua nani ni nani, nikatuma humohumo orodha: jina la mwanafunzi, mkondo, jina la mzazi, namba ya simu. "Kila mtu ahakiki taarifa zake." Aliyehakiki vizuri kuliko wote alikuwa tapeli. Picha yake ilikuwa ua waridi, na nilimkaribisha mimi mwenyewe: "Karibu sana mzazi."

Shule zikafunguliwa Juni 29, kundi nikaliacha hivyohivyo. Agosti, niko darasani kidato cha pili B, simu ikaita. Mama mmoja wa Igurusi, sauti imekauka: "Mwalimu, mwanangu amezinduka?"

Mwanawe alikuwa mbele yangu anafuta ubao.

Mama alikuwa ametumiwa ujumbe kwamba mtoto ameanguka, yuko hospitali, atume 85,000 haraka. Majina matatu ya mtoto, mkondo, na jina langu, vyote sahihi. Mpunga wake aliuza kwa jirani kwa bei ya kutupa. Nikampa kijana simu waongee. Mama akalia, akashukuru Mungu, kisha akaniuliza taratibu: "Sasa ile hela nimemtumia nani?"

Wazazi watatu walituma. Tukaripoti polisi, tukapewa RB, yaani namba ya taarifa yetu; namba ilisajiliwa kwa jina la mtu asiyejua lolote. Mkuu wa shule akanitaka maelezo kwa maandishi. Hela ya yule mama nililipa mimi, kwa mafungu matatu. Mpaka leo nikitamka neno "dijitali" mke wangu anauliza ni shilingi ngapi.

Yule mwezeshaji nilimpigia. Eti: "Mwalimu, ulipaswa kuzingatia usalama wa taarifa." Usalama wa taarifa! Siku nzima ya slaidi, hakuna hata moja iliyotaja hilo.

Jina la mwanafunzi na namba ya simu visikae pamoja mahali ambapo mtu mwingine anaona. Basi. Utaambiwa funga kundi, admini peke yake aandike. Hiyo inazuia makelele, haizuii macho. Namba zinaonekana vilevile. Badilisha linki, ile ya zamani itakufa. Kisha mpigie mzazi mmoja mmoja, msikie sauti, ndipo umwingize kwenye orodha ya matangazo, ambako hawaonani wao kwa wao. Mwambie aihifadhi namba yako, la sivyo ujumbe haumfikii. Ni kazi ya wiki nzima, najua.

Telegram waulize wengine. Mimi nimebonyeza linki yako nikaingia bila mtu kuniuliza hodi, nikahesabu, nikatoka. Umesema darasa lako lina wanafunzi 58. Mle ndani mna namba 71.