Ukienda Jumba la Makumbusho Nairobi, nenda na mzee

Wazazi wenzangu huniuliza waanzie wapi wakiwapeleka watoto katika Jumba la Makumbusho ya Kitaifa la Nairobi. Jibu langu huanzia nyumbani, kabla hamjatoka: mchukueni mzee mmoja mwende naye. Nyanya, babu, shangazi, hata jirani aliyekula chumvi nyingi, almradi awe alikua kabla ya plastiki kuingia jikoni. Maelezo yaliyobandikwa ukutani ni mafupi, na vitu vingi vilivyofungiwa ndani ya vioo vina watu walio hai ambao bado wanajua vilivyotumika.

Hilo nililiona wazi tulipokwenda na mama mkwe. Kuna ukumbi unaofuata maisha ya binadamu tangu kuzaliwa, kupitia ujana na utu uzima, hadi mtu anapohesabiwa miongoni mwa wahenga. Alipofika kwenye vibuyu vya maziwa akasimama. Akawaeleza wajukuu jinsi kijiti cha mti maalumu kinavyochomwa hadi kiwe kaa, kisha kikasuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutiwa maziwa ya mursik, yaani maziwa ya mgando ya Wakalenjin. Kwamba mkaa ule ndio unaoyapa maziwa harufu yake na ile rangi ya kijivujivu. Watoto wakamuuliza mti gani, nani alifanya kazi hiyo, mtoto akivunja kibuyu alifanywa nini. Kila swali likazaa lingine. Wanafunzi waliokuwa wakipita wakasogea nao wasikilize. Tulikaa pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na sikuona sababu ya kuwaharakisha.

Ushauri wangu wa pili unatokana na huo: msijaribu kumaliza jumba zima kwa siku moja. Chagueni kumbi mbili au tatu. Mengine yatawangoja.

Inafaa pia kuwasimulia watoto mahali hapa palikotoka. Jumba lilianza 1910, wapenzi wa elimu ya viumbe, wengi wao walowezi na maafisa wa serikali ya kikoloni, walipotafuta mahali pa kuhifadhi wadudu, ndege na mimea waliyokusanya. Nyumba ya kwanza ilikuwa pale ilipo Nyayo House leo. Mwaka 1922 wakahamia mahali ilipo sasa hoteli ya Serena. Jengo la sasa, pale Museum Hill, lilifunguliwa Septemba 1930 na kupewa jina la Robert Coryndon, aliyekuwa gavana wa Kenya. Jina hilo liliondolewa baada ya uhuru. Jumba lilifungwa 2005 likapanuliwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, likafunguliwa tena 2008. Ukijua asili hiyo hutashangaa kukuta ukumbi wa ndege wenye ndege zaidi ya 900 waliokaushwa. Naupenda ukumbi huo, lakini kama muda ni mfupi, upiteni haraka.

Msikopita haraka ni kwenye chumba cha mafuvu na mifupa ya kale. Humo mna Kijana wa Turkana, mifupa ya mtoto wa kiume wa Homo erectus, jamii ya binadamu wa kale, aliyekufa yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Zaidi ya mifupa 100 ya mwili mmoja ilipatikana, jambo la nadra mno kwa mabaki ya umri huo. Waambieni watoto jina la aliyeanza kuiona: Kamoya Kimeu, Mkenya ambaye masomo yake hayakuvuka shule ya msingi. Agosti 1984, karibu na mto mkavu wa Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande cha fuvu kidogo kama kiberiti, chenye rangi ileile ya kokoto zilizokizunguka. Wenzake walikuwa wakipumzika siku hiyo. Mwaka uliofuata, Rais Ronald Reagan alimkabidhi nishani ya National Geographic Society katika Ikulu ya Marekani. Kamoya alifariki 2022. Majina ya Louis na Richard Leakey, baba na mwana waliotafiti asili ya binadamu, watoto watayasikia shuleni, na ni haki, kwa kuwa wote wawili waliliongoza jumba hili. La Kamoya lisemeni ninyi, kwa sauti, mkiwa mbele ya mifupa ile.

Baadhi ya viongozi wa makanisa walipinga mifupa hiyo kuonyeshwa jumba lilipokuwa likikarabatiwa. Mzee wenu akiwa na mawazo kama hayo, mwacheni ayaseme. Watoto wakisikia watu wazima wakijadiliana kwa heshima kuhusu asili ya binadamu, hiyo nayo ni elimu.

Uani kuna sanamu ya ndovu Ahmed wa Marsabit, ukubwa wake halisi. Mwaka 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, na askari wakawa wakimfuata mchana na usiku hadi alipokufa 1974. Kila pembe yake ilikuwa na uzito wa kilo 67 hivi. Hapo ndipo mahali pazuri pa kumpumzisha mzee, na mkahawa hauko mbali.

Sasa mambo ya langoni. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa hiyo hakikisheni simu ina chaji na pesa iko M-Pesa. Bei ya raia ni tofauti na ya mgeni. Kila mtu mzima abebe kitambulisho. Jumba huwa wazi kila siku, sikukuu zikiwemo, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Muhula wa shule ukiendelea, mabasi ya wanafunzi hujaa asubuhi za katikati ya wiki na huwezi kusikia anachosema mzee. Nendeni Jumamosi mapema, au siku ya kazi baada ya saa nane.

Bustani ya Nyoka, iliyofunguliwa 1961, iko papo hapo, na kuna tiketi ya pamoja iliyo nafuu kuliko kulipia sehemu hizo mbili kila moja peke yake. Iacheni iwe ya mwisho. Mtoto akishaona chatu na mamba, vibuyu havimwingii tena akilini. Na kama mnarudi kwa matatu, ondokeni kabla ya saa kumi, kabla barabara ya Museum Hill haijafungana, mkangoje gari lenye nafasi mbele ili mzee akae karibu na dereva.