Lango la Yafa: ndilo alilopita Yesu?

SWALI: Shikamoo Anko. Mwezi ujao naenda Yerusalemu na kundi la kanisani kwetu, na kwenye ratiba siku ya pili tunaanzia Lango la Yafa ila tumepewa nusu saa tu. Sasa nauliza, hilo ndo lango aliloingilia Yesu? Halafu kuna mchungaji alishahubiri kwamba Yerusalemu kuna kilango kidogo kinaitwa Tundu ya Sindano, ngamia anapita pale mpaka ashushwe mzigo na apige magoti. Ndo hapo? Na hiyo nusu saa inatosha kweli? – Msafiri wa mara ya kwanza

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa safari.

Kwanza la Yesu, hapana. Zile kuta unazoziona leo, sehemu kubwa, na Lango la Yafa lenyewe ni kazi ya Sultani Suleiman wa dola ya Uturuki, walianza kujenga kama 1537 wakamaliza 1541 hivi, kwa hiyo ni karne kumi na tano baada ya Yesu. Na hata ungesema basi labda palikuwa na lango la zamani palepale, soma Injili vizuri, alitokea Mlima wa Mizeituni, na mlima huo uko mashariki ya mji wakati Lango la Yafa liko magharibi kabisa. Ukisoma Nehemia utakuta Lango la Kondoo, Lango la Samaki, Lango la Jaa, ila la Yafa humo halimo. Jina limetokana na barabara ya kwenda bandari ya Yafa. Waarabu wao wanaliita Bab al-Khalil, yaani lango la kwenda Hebroni, maana Hebroni ni mji wa Ibrahimu na Khalil ni Ibrahimu huyohuyo, rafiki wa Mungu.

La Tundu ya Sindano nalo utanisamehe, na mchungaji anisamehe pia. Hakuna ushahidi wowote kwamba enzi za Yesu kulikuwa na lango la jina hilo, hiyo hadithi imekuja kusikika karne nyingi baadaye. Kweli malango ya zamani yalikuwa na kilango kidogo ndani ya ule mlango mkubwa, cha kumpitisha mtu aliyechelewa usiku mlango ukishafungwa, na pengine ndo watu wakaunganisha hapo. Ila Yesu aliposema ni rahisi ngamia kupita tundu ya sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu, mi naona alimaanisha sindano kweli, ukimpunguzia mzigo ngamia tayari umeshampunguzia tajiri ukali wa maneno!

Sasa nikwambie kosa langu usije ukalirudia. Mara ya kwanza basi lilitushusha pale, nikaona uwazi mpana magari yanaingia, nikapiga picha kama ishirini nikatuma nyumbani kwamba jamani nipo Lango la Yafa. Kumbe napiga picha pengo! Mwaka 1898 Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alikuwa anakuja kutembelea mji, basi wakubwa wa Kituruki wakabomoa kipande cha ukuta kati ya lango na ngome iliyo jirani yake, wakafukia na handaki lake ili msafara wake upite. Lango lenyewe liko pembeni yake, la mawe, na watu wanalipita bila hata kulitazama.

We ingia kwa miguu kupitia lango lenyewe. Ukishavuka ule mlango utashangaa mbele yako kuna ukuta, inabidi ukate kona ndo utokee ndani ya mji. Hiyo kona waliiweka makusudi, adui akija mbio na farasi anakwama palepale na walio juu wanamshughulikia. Gusa mawe ya chini uone yalivyong'aa, yanateleza kama sabuni, vaa viatu vyenye meno. Na tarehe 11 Desemba 1917 Jenerali Allenby wa Uingereza alishuka farasi akaingia kwa miguu hapo, watu wakamlinganisha na yule Kaizari na msafara wake.

Ukitokea tu ndani angalia kushoto, nyuma ya uzio wa chuma kuna makaburi mawili. Watembeza watalii watakwambia ni ya wasanifu waliochinjwa na Sultani kwa kuuacha Mlima Sayuni nje ya ukuta. Hadithi tamu, isikilize tu kama hadithi. Kulia ni ile ngome wanayoiita Mnara wa Daudi, na Daudi mwenyewe hakuijenga, ila mawe makubwa ya chini ya mnara mmoja ni ya wakati wa Herode, kwa hiyo kama unatafuta jiwe ambalo Yesu angeweza kuliona kwa macho yake basi kodoa hapo.

Nusu saa kwa lango peke yake inatosha, haitoshi kama mnataka kupanda juu ya ukuta, ule ni mzunguko wa tiketi na ngazi nyingi na wamama wenye magoti watalia. Mbele moja kwa moja ni njia ya ngazi inayoshuka sokoni, msitawanyike huko, hata mwenye simu ya ramani anapotea.

Na ukimkuta muuza mikate ya ufuta hapo langoni, ile mirefu ya duara, nunua mmoja mle wawili na umwombe na zaatari, ule mchanganyiko wa majani makavu ya viungo, atakufungia kwenye kakipande ka gazeti. Bei uliza kabla hujashika.